Runinga moja, filamu na gemu: namna ya kuipanga ili kila kimoja kipate haki yake

Runinga ikitoka kwenye boksi huwa imeshapangwa, ila haikupangwa kwa ajili yako. Imepangwa ishinde zenzake zilizotundikwa ukutani dukani chini ya taa kali: rangi zimekolezwa, weupe umesukumwa kuelekea ubuluu, kingo za vitu zimechongwa, na mwendo umelainishwa mpaka kila kitu kinateleza. Ukiiacha hivyo, filamu itafanana na tamthilia ya mchana, na gemu itaitikia vidole vyako kwa kuchelewa.

Kosa linalofuata hufanywa hata na wanaojua kuingia kwenye menyu: kutafuta mpangilio mmoja utakaofaa vyote viwili. Haupo. Filamu imekamilika kabla hujaianzisha, kwa hiyo picha ikichelewa sehemu ya sekunde kufika kwenye skrini hutajua, alimradi sauti imechelewa pamoja nayo. Runinga inaweza kuchukua muda wake kuichakata. Gemu hutengenezwa papo hapo, na kila hatua ya uchakataji inayoongezwa ni muda unaopotea kati ya kidole na jicho. Kwa hiyo tunajenga seti mbili za mipangilio, kisha tunahakikisha runinga haizichanganyi.

Tenganisha kwanza

Runinga nyingi za sasa hukumbuka mipangilio kwa kila tundu la HDMI na kwa kila hali ya picha, na tena kando kwa picha ya kawaida (SDR), kwa HDR (picha yenye mwanga mkali zaidi na weusi wa kina zaidi) na kwa Dolby Vision, ambayo ni aina mojawapo ya HDR. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Unarekebisha kila kitu jioni nzima, unafungua filamu ya HDR, unaona kazi yote imepotea. Haijapotea, runinga imehamia kwenye seti nyingine ambayo hujaigusa. Dawa ni kufungua kila aina ya picha mara moja na kuirekebisha ikiwa inaonekana kwenye skrini: filamu ya kawaida, filamu ya HDR, gemu ya kawaida, gemu ya HDR. Menyu ya picha haikuruhusu kurekebisha HDR wakati unatazama SDR.

Kwa filamu chagua Filmmaker Mode kama ipo. Muungano wa UHD Alliance uliitangaza mwaka 2019 kwa kuungwa mkono na waongozaji kama Christopher Nolan na Martin Scorsese, na kazi yake ni kuzima kwa pamoja karibu kila kitu ambacho ungekizima kimoja kimoja. Kama haipo, tumia Cinema au Movie. Kwa gemu chagua Game Mode. Usianzie Standard, na Vivid hata usiiguse.

Kama filamu unazitazama kupitia konsoli ileile ya gemu, angalia kama konsoli na runinga zote mbili zina ALLM. Ikiwashwa pande zote, konsoli huiambia runinga iingie Game Mode gemu inapoanza na itoke unapofungua filamu. Bila ALLM utabadilisha kwa mkono kila mara, na utasahau. Heri filamu zipitie programu zilizomo ndani ya runinga yenyewe, au kifaa kingine kwenye tundu jingine.

Mwendo wa filamu

Filamu karibu zote hupigwa kwa fremu 24, yaani picha tuli 24, kwa sekunde. Kipimo hicho kilishika mwishoni mwa miaka ya 1920 filamu zilipoanza kuwa na sauti: sauti ilichapwa pembezoni mwa utepe uleule wa picha, kwa hiyo utepe ulilazimika kwenda kwa kasi isiyobadilika. Macho yamezoea mwendo huo, na waongozaji hupanga miondoko ya kamera kwa kuuzingatia.

Runinga huona fremu 24 kuwa ni upungufu, ikajaza mapengo kwa fremu za kubuni. LG huuita ufundi huu TruMotion, Sony huuita Motionflow, Samsung wamewahi kuuita Auto Motion Plus. Matokeo ni mwendo laini kupita kiasi, waigizaji wanaoonekana kama wako studio, na ukungu kuzunguka mikono na vichwa kila runinga inapokisia vibaya. Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video fupi kuwasihi watazamaji wauzime. Zima. Kwa mpira unaweza kuuacha umewashwa, hapo una faida kidogo.

Kuna tatizo la pili linalofanana na hilo kwa mbali, na watu hulitibu kwa dawa isiyo yake. Kamera inapopita polepole mbele ya uzio au safu ya madirisha, picha hukwamakwama kwa mdundo usio sawa. Sababu ni hesabu: skrini ikijichora upya mara 60 kwa sekunde (60 Hz), 60 haigawanyiki kwa 24. Fremu moja huonyeshwa mara tatu, inayofuata mara mbili, yaani milisekunde 50 halafu 33.3, kisha 50 tena. Kuwasha fremu za kubuni huficha mdundo huo na kuharibu filamu kwa pamoja. Dawa yake halisi ni kifaa kutoa fremu 24 zilezile bila kuzigeuza kuwa 60. Kwenye kisanduku cha kutazamia filamu tafuta chaguo la kulinganisha kasi ya fremu na maudhui. Apple TV huliita Match Frame Rate. Mara nyingi huja likiwa limezimwa, kwa sababu skrini huwa nyeusi kwa sekunde moja au mbili kifaa kinapobadilisha kasi, na wauzaji hawapendi mteja aone weusi huo. Skrini ya 120 Hz ina nafuu ya asili, kwani kila fremu hupata mizunguko mitano kamili. Vipindi vilivyorekodiwa kwa fremu 25, kama vingi vya televisheni za Ulaya, vinahitaji 50 Hz na hunufaika na chaguo hilohilo.

Wenye OLED, skrini ambazo kila kitone hujitolea mwanga chenyewe, wana malalamiko ya peke yao. Vitone vya skrini hizo hubadilika haraka mno, kwa hiyo kila fremu husimama tuli na kuruka kwenda inayofuata bila ule ukungu mdogo uliokuwa ukiificha mipaka yake. Kama inakusumbua, ingia kwenye mpangilio wa mwendo wa kujichagulia na upandishe De-Judder hatua moja au mbili tu. Ukifika tatu au nne utaanza kuiona tamthilia.

Mwanga, weusi na rangi

Fanya kazi hii usiku, taa zikiwa kama unavyozitumia wakati wa kutazama. Zima kwanza vipengele vya kuokoa umeme na kihisi cha mwanga wa chumba. Hivyo viwili ndivyo chanzo cha malalamiko mengi kwamba filamu za HDR ni giza.

Jina linalopotosha kuliko yote kwenye menyu ni Brightness. Kwenye chapa kadhaa halihusiani na ukali wa mwanga. Linasogeza kiwango cha weusi. Mwanga wenyewe unaongozwa na Backlight au OLED Light. Sony wamegeuza: Brightness yao ni mwanga wa nyuma, na weusi wameuita Black Level. Jua kwanza uko upande gani ndipo uguse.

Ili kupima weusi, simamisha filamu kwenye tukio la usiku lenye mistari myeusi juu na chini. Mistari hiyo ndiyo weusi kamili. Pandisha kiwango cha weusi mpaka mistari ianze kuwa ya kijivu, kisha shusha hadi iwe nyeusi tena, usimame hapo. Ukishusha zaidi, nywele nyeusi na mikunjo ya koti vitamezwa. Mara nyingi utajikuta umerudi pale kiwanda kilipoweka, na hiyo ni ishara njema.

Mwanga wa nyuma ni suala la chumba na macho yako, usiogope kuusogeza. Gama, yaani jinsi mwanga unavyopanda kutoka weusi hadi weupe, iwe 2.4 chumba kikiwa giza, 2.2 kikiwa na mwanga. Joto la rangi liweke Warm 2, au Warm 50 kwa LG, au Expert 1 kwa Sony, kwa sababu filamu hupakwa rangi kwenye skrini yenye weupe wa kelvini 6500, na Warm ndiyo iliyo karibu nao. Mwanzoni utaona kila kitu kina umanjano. Macho yako yamezoea ubuluu. Yape siku mbili tatu kabla ya kuhukumu.

Ukali wa kingo (Sharpness) uweke sifuri, isipokuwa kwenye Sony ambako 50 ndiyo hali isiyoongeza wala kupunguza kitu. Ukali haurudishi undani uliokosekana, unachora tu mstari mweupe kando ya kila kitu. Vipunguza kelele za picha na viongeza rangi vyote vizimwe. Kipunguza mwanga kwa maeneo, Local Dimming, kiache kikiwa juu.

Mistari myeusi si kasoro. Filamu nyingi zina upana wa 2.39 kwa kimo cha 1, na skrini yako ni 16 kwa 9, kwa hiyo karibu robo ya kimo chake haina picha. Ukikuza ili kuijaza, unakata robo ya picha pembeni, mara nyingi pamoja na mtu anayeongea. Kinyume chake, hakikisha runinga haikati kingo kwa siri: tafuta Just Scan, Fit to Screen au Full Pixel uiwashe. Ukiona ramani au idadi ya risasi kwenye gemu imekatwa pembeni, kisababishi ni hicho.

Neno kuhusu HDR mchana. Kwenye picha ya kawaida unaweza kupandisha mwanga ukapambana na dirisha. HDR hupanga mwanga wa kila kitone kwa kipimo kamili, na mwanga wa nyuma huwa umeshafika juu kabisa, kwa hiyo hakuna pa kupandia. Funga pazia, au kwa Dolby Vision chagua ile hali angavu zaidi kati ya mbili za sinema. Vinginevyo subiri usiku.

Gemu: kuwinda ucheleweshaji

Gemu inayokwenda kwa fremu 60 huonyesha kila picha kwa milisekunde 16.7, kwa 30 ni 33.3, kwa 120 ni 8.3. Runinga nzuri ikiwa kwenye Game Mode huongeza takriban milisekunde 10 hadi 20. Nje ya Game Mode runinga ileile inaweza kuongeza 50, hata zaidi ya 100, yaani fremu sita nzima kabla hujaona ulichofanya. Mwenye runinga iliyo hivyo hulaumu pedi. Pedi isiyo na waya huongeza milisekunde chache tu, na kununua nyingine hakutabadilisha kitu.

Kagua njia nzima kwa utaratibu. Konsoli iingie kwenye tundu sahihi: 4K kwa 120 Hz inahitaji HDMI 2.1, na runinga nyingi huweka uwezo huo kwenye matundu mawili tu kati ya manne. Soma maandishi madogo yaliyo karibu na tundu. Moja kati ya hayo mara nyingi ndilo pia la eARC, yaani linalopeleka sauti ya runinga kwenye spika ya nje, kwa hiyo mwenye konsoli mbili na spika ya kisasa ataishiwa nafasi. Tumia kebo iliyokuja na konsoli. Ukinunua nyingine, iwe imeandikwa Ultra High Speed, kwani HDMI 2.1 hubeba hadi gigabiti 48 kwa sekunde na 2.0 iliishia 18. Mara nyingi kebo dhaifu haikosi kuonyesha picha kabisa. Hutoa nukta zinazometameta, au skrini inayozimika ghafla kwa sekunde moja gemu ikipamba moto.

Kisha ruhusu tundu lipokee ishara kamili. Kiwandani huwa limefungwa ili vifaa vya zamani visishindwe. Samsung wanaita Input Signal Plus, LG wanaita HDMI Deep Colour, Sony utachagua Enhanced Format. Bila hatua hii konsoli itadai runinga yako haiwezi HDR au 120 Hz, na wewe utaiamini.

Masafa ya rangi ya RGB yaache Automatic pande zote mbili. Ukitaka kuyaweka kwa mkono, lazima yalingane: Full ni 0 hadi 255, Limited ni 16 hadi 235. Konsoli ikituma Full na runinga ikitarajia Limited, vivuli vyote vinamezwa na weusi. Ikiwa kinyume, picha nzima inakuwa kama imepakwa vumbi. Ukiona mojawapo ya dalili hizo, usiguse kontrasti kabla hujakagua hapa.

VRR iwashe. Hufanya skrini isubiri fremu badala ya fremu kuisubiri skrini, kwa hiyo kasi ikiyumba kati ya 50 na 60 hutaona picha ikichanika wala kukwama. Kwenye PS5 hufanya kazi kuanzia 48 hadi 120 Hz. Gemu ikishuka chini ya hapo, mara nyingi utaiona ikiyumba kama zamani.

HDR ya gemu hupimwa kwenye konsoli, na mpangilio wa hatua una maana. Anza na runinga: kwenye uchakataji wa mwanga wa HDR chagua HGIG kama upo, ili runinga iache kukisia. Ndipo ufungue kipimo cha konsoli, upandishe mwanga mpaka alama iliyo katikati ipotee tu, usimame hapohapo. Ukipima kwanza kisha ukabadilisha runinga, namba ulizoweka si za skrini yako tena. Rudia.

Ndani ya gemu, uamuzi mkubwa ni kati ya ubora wa picha kwa fremu 30 na kasi kwa fremu 60. Gemu ya kupigana, mbio, mpira au risasi, chagua kasi bila kujiuliza. Gemu ya kutembea na kusikiliza hadithi inaweza kustahimili 30, ingawa ukishazoea 60 kurudi nyuma ni shida.

Halafu kuna vile ambavyo gemu zimeazima kwenye filamu bila sababu ya maana. Punje za utepe na mgawanyiko wa rangi kwenye kingo ni kasoro za lenzi na kemikali ambazo wapiga picha wametumia miaka mingi kuzipunguza. Gemu huzitengeneza upya kwa makusudi. Zizime, picha itasafika mara moja. Ukungu wa mwendo ni jambo tofauti: kwa fremu 30 husaidia kuunganisha picha, kwa 60 na kuendelea hauna kazi. Ukiumwa kichwa au kusikia kichefuchefu kwenye gemu za macho ya mhusika, zima mtikisiko wa kamera anapotembea, kisha panua uga wa kuona. Anayekaa karibu na skrini ya kompyuta anahitaji takriban nyuzi 90 hadi 100. Anayekaa mbali na runinga hutosheka na pungufu ya hapo. Kila nyuzi unayoongeza inailazimu mashine ichore vitu vingi zaidi, kwa hiyo panda kidogokidogo.

Sauti

Maongezi yasiyosikika huku milipuko ikitikisa madirisha huwa na sababu mbili. Ya kwanza: kifaa kinatuma sauti ya chaneli 5.1 kwa runinga yenye spika mbili. Maongezi hukaa zaidi kwenye chaneli ya katikati, na runinga ikiichanganya vibaya hufifia. Chagua Stereo au PCM kwenye kifaa, au njia ya sauti ya stereo kwenye programu ya filamu. Ya pili: filamu huchanganywa kwa ajili ya ukumbi, tofauti kati ya mnong'ono na mlipuko ikiwa kubwa. Night Mode huibana. Gemu nyingi zina chaguo lao kwenye menyu ya sauti, mara nyingi likitaja TV, ukumbi wa nyumbani au usiku. Chagua linalotaja spika ulizonazo.

Midomo isipoendana na sauti, kumbuka kwamba ucheleweshaji wa sauti hurekebishwa upande mmoja. Unaweza kuichelewesha sauti iliyotangulia. Huwezi kuiharakisha iliyochelewa. Na kwenye Game Mode, kwa kuwa picha imeharakishwa, sauti ya spika ya nje ndiyo hubaki nyuma. Hapo badilisha sauti ya dijitali ya runinga iwe Pass Through, ili isichakatwe mara mbili.

Vipokea sauti vya Bluetooth vinafaa filamu, kwa sababu programu nyingi huichelewesha picha ili ilingane. Gemu haiwezi kufanya hivyo, na ucheleweshaji wa kawaida ni milisekunde 100 hadi 200 au zaidi. Kwa gemu tumia waya kwenye pedi, au vile visivyo na waya vinavyokuja na kipokezi chake cha USB.

Umbali na taa

Kwa filamu kaa umbali wa mara 1.2 hadi 1.6 ya ulalo wa skrini. Inchi 55 ni sentimita 140, kwa hiyo ni kati ya mita 1.7 na 2.2. Watu wengi hukaa mbali zaidi ya hapo kisha wakashangaa 4K haina tofauti. Katikati ya skrini iwe karibu na kimo cha macho ukiwa umekaa. Usiku weka taa hafifu nyeupe nyuma ya runinga, isiyozidi sehemu ya kumi ya mwanga wa picha nyeupe. Hupunguza uchovu wa macho na hufanya weusi uonekane mzito zaidi. Taa iliyo mbele ya skrini haina msaada wowote.

Mwenye OLED azingatie pia alama zisizosogea: mita za afya, ramani, nembo. Gemu nyingi huruhusu kuzififisha au kuzificha. Usizime runinga ukutani mara tu baada ya kuitumia kwa saa nyingi, kwani matengenezo ya vitone hufanyika ikiwa imezimwa kwa rimoti huku umeme ukiwepo.

Ukimaliza, piga picha kila ukurasa wa menyu kwa simu. Masasisho ya programu hurudisha baadhi ya mambo kama yalivyokuwa, na mawili ya kukagua kwanza baada ya kila sasisho ni fremu za kubuni na kihisi cha mwanga wa chumba.